Urithi wa Ziwa Letu ni Mtaji, Tusiule

Maneno haya tuliyasema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana katika ukumbi wa parokia, mitaa ya Eastlands, Nairobi. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuweza kutuma mjumbe navyo viyasome na kuyajadili.

Karibuni Eastlands. Tunajua baadhi yenu mmelala ndani ya basi kutoka Mbita, Homa Bay na Siaya. Wengine mmetembea tu kwa miguu kutoka Kaloleni, Makongeni, Jericho na Kariobangi. Wote ni wageni wetu sawasawa. Chai iko, na mandazi yako, lakini kwanza tusemezane.

Tumepewa kichwa kizito: urithi wa eneo la ziwa. Tulipokitaja katika kikao cha maandalizi, mama mmoja anayeuza samaki hapa mtaani alituangalia, akaweka karai lake chini, akauliza: "Huo urithi utanilipia karo?"

Watu walicheka. Sisi wa ofisi ya huduma za jamii hatukucheka sana, maana hatukuwa na jibu. Tumelibeba swali lake tangu siku hiyo. Leo tutajaribu kumjibu, na hatutamjibu kwa maneno matamu, kwa sababu karo hailipwi kwa maneno matamu.

Kwa nini tuzungumzie ziwa tukiwa Nairobi?

Pengine mtu atauliza, ziwa liko mbali, kwa nini tulijadili hapa kwenye vumbi la Jogoo Road? Jibu ni kwamba mitaa hii na ziwa lile ni ndugu wa mama mmoja, na mama huyo ni reli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa Nairobi 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika kwenye maji pale Kisumu. Kambi ya wajenzi ikawa mji, na mji ukahitaji wafanyakazi, na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Ndiyo maana Muthurwa na Makongeni zilijengwa, zikiwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Ndiyo maana tuna Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940.

Angalieni pia majina. Ofafa Jericho na Ofafa Maringo zimebeba jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa wakati wa Hali ya Hatari. Kule Kisumu kuna ukumbi unaoitwa Ofafa Memorial, uliojengwa kwa michango ya watu wa kawaida, wengi wao wafanyakazi waliokuwa mijini kama sisi. Tom Mboya, mtoto wa Rusinga, aliishi Ziwani hapa hapa kabla hajawa waziri. Alipigwa risasi jijini tarehe 5 Julai 1969, na kaburi lake liko Rusinga, karibu na maji.

Na kama hayo hayatoshi, nendeni Gikomba alfajiri muone omena na mbuta wakishushwa. Ziwa linaingia Eastlands kila siku likiwa ndani ya gunia.

Mtaji na faida

Kila kikundi kilicho hapa kinajua tofauti ya mtaji na faida. Tunachanga shilingi mia mia kila Jumamosi. Tunakopeshana, riba kidogo inaingia, mwisho wa mwaka tunagawana faida, na mtaji unabaki. Siku mweka hazina anapoula mtaji, hata kama ni kwa shida ya kweli ya nyumbani, kikundi kimekufa. Daftari litabaki na majina, mihuri itabaki, lakini kikundi hakipo.

Sisi tunasema urithi ni mtaji wa namna hiyo. Haukuchangwa na sisi. Ulichangwa na Mungu aliyeumba maji na samaki, ukachangwa na waliotutangulia kwa jasho na akili zao, na wengine kwa maisha yao. Sisi ni waweka hazina tu. Faida tunaruhusiwa kula, tena tunapaswa kula, maana mtu hali historia akashiba. Mtaji ndio tusioruhusiwa kuugusa. Sasa hebu tukague vitabu. Tufungue hesabu tatu, moja baada ya nyingine.

Hesabu ya kwanza: maji, samaki na mafunjo

Ziwa hili lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Kati ya maziwa yasiyo na chumvi, ni la pili duniani kwa upana. Sisi Wakenya tuna sehemu ndogo, kama 6 tu kwa kila 100, na zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Mzungu aitwaye John Speke alilipa jina la malkia wake mwaka 1858, lakini lilikuwa na majina yake kabla ya hapo. Wajaluo waliliita Nam Lolwe, Waganda wakaliita Nalubaale. Ni pana lakini si refu sana kwenda chini: mahali penye kina kikubwa ni kama mita 80 tu. Kwa hiyo udongo na uchafu unaoletwa na mto Nyando, Nzoia au Sondu haupotei. Unakaa nasi.

Zamani watu walivua kwa mitego ya kusukwa na nyavu za mafunjo. Mitego ile ilikuwa na upungufu wake, lakini ilikuwa inaacha samaki wa kesho. Mwaka 1905 nyavu za kigeni za kutega zilifika katika Ghuba ya Winam. Mwanzoni mavuno yalikuwa ya ajabu. Halafu ngege, yule samaki ambaye bibi zetu walimjua, akaanza kupungua. Miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 mbuta akaletwa ndani ya ziwa. Ndugu zetu wa Tanzania wanamwita sangara. Alikaa kimya miaka kadhaa, kisha miaka ya 1980 akajaa kila mahali. Ziwa lilikuwa na aina mia kadhaa za fulu, wale samaki wadogo wadogo. Nyingi kati yake hazionekani tena.

Tusimlaumu samaki. Mbuta alileta viwanda, na viwanda vikaleta mishahara na pesa za kigeni. Lakini fuateni hesabu vizuri. Mbuta ana mafuta mengi, hakauki juani kama omena. Inabidi akaangwe au abanikwe, na kwa hiyo miti ya vilima vya karibu ikaenda jikoni. Nyama yake ya minofu ikapakiwa barafu na kwenda Ulaya. Na sisi tukabaki na nini? Tukabaki na mgongo wazi. Kina mama wa Obunga kule Kisumu wanajua, na kina mama wa hapa wanajua: kichwa na uti wa mgongo, nyama kidogo imeshikilia mfupa, unakaangwa na kuuzwa kwa maskini. Mwanza wanaita mapanki. Samaki ni yule yule. Anayekula minofu haishi kando ya ziwa, na anayeishi kando ya ziwa anakula mifupa.

Hatusemi hivyo kwa kudharau. Watoto wengi wamesomeshwa na mgongo wazi, na ule mchuzi wake ni mtamu. Tunasema hivyo ili tuone jinsi mtaji unavyoweza kuondoka mlangoni huku tukipiga makofi. Kati ya 1997 na 2000 nchi za Ulaya zilifunga soko la samaki wetu mara kadhaa kwa sababu ya hofu ya magonjwa na sumu. Ndipo wengi wakagundua kwamba bei ya samaki wa Homa Bay inaamuliwa na watu ambao hawajawahi kuona Homa Bay.

Halafu kuna magugu maji. Yalionekana ziwani kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na kufikia 1998 yalikuwa yamefunga Ghuba ya Winam hata mashua hazitoki. Wadudu wanaoyala walianza kuachiliwa upande wetu wa ziwa 1997, yakapungua, yakarudi tena. Yanapenda mbolea inayosombwa kutoka mashambani na maji machafu ya miji. Kuna vikundi vya Kisumu vinavyoyakausha na kusuka viti na vikapu. Hiyo ni akili. Lakini kusuka kiti hakutoshi kama mfereji wa maji machafu bado unamwaga ziwani.

Na mafunjo? Watu wengi wanayaona ni msitu wa nyoka. Kumbe mafunjo ndiyo chujio la ziwa na ndiyo kitalu cha samaki. Pale Dunga yanalinda ndege ambao hawapatikani mahali pasipo na mafunjo, na yanalisha wasusi wa mikeka. Ukiyakata kwa zamu, yanachipuka. Ukiyachoma ulime mboga, umekula mtaji.

Hesabu ya pili: mawe, vyungu na maneno

Kaunti ya Migori kuna mahali panapoitwa Thimlich Ohinga. Ni boma la mawe, limejengwa bila saruji wala udongo wa kushikisha. Jiwe limelala juu ya jiwe, kuta zingine zimefika mita 4 kwenda juu, na bado zimesimama. Wataalamu wanasema zilijengwa tangu karne ya 16. Waliishi humo watu wa makabila mbalimbali kwa zamu, mmoja akihama, mwingine akija anatengeneza ukuta na kuendelea kuishi. Mwaka 2018 UNESCO iliandika Thimlich Ohinga katika orodha ya urithi wa dunia. Na haiko peke yake. Kuna maboma kama hayo, makubwa na madogo, katika maeneo zaidi ya 100 ya sehemu zile. Mengi hayana mlinzi wala kibao.

Hapa kuna jambo ambalo tumeomba ruhusa kulisema bila kutaja kijiji. Kikundi kimoja kilicho hapa ndani kina ukuta wa namna hiyo katika shamba la mwanachama wao. Mwenye lori amekuja akatoa bei ya mawe. Mawe mazuri, yamekwisha kukusanywa, hayahitaji kuvunjwa. Mwenye shamba ana watoto wawili wa sekondari. Hajakubali na hajakataa. Wenzake wamemwambia, ngoja mkutano wa Nairobi. Kwa hiyo, wapendwa, hatuzungumzii hadithi za kale. Kuna lori linasubiri. Tutarudi kwa jambo hili.

Maneno nayo ni urithi. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wazee wanasimulia kwamba palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa karamu mama mzee alifika akiomba chakula na mahali pa kulala. Akafukuzwa kila mlango, isipokuwa mama mmoja aliyempokea. Mzee akamwambia yule mama atoke na watu wake. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama na watu wake, na maji yako pale mpaka leo. Mtaalamu wa miamba atakuambia shimo lile ni la volkano. Sawa, naye asikilizwe. Lakini mtoto aliyesimuliwa hadithi ile hamfukuzi mzee mlangoni, na hilo halimo katika vitabu vya miamba.

Watu wa Mfangano na Rusinga, Abasuba, wengi sasa wanazungumza Kijaluo, na Kisuba chenyewe kimebaki vinywani mwa wachache. Lakini Mfangano wenyeji walianzisha makumbusho yao, na wanalinda michoro ya kale iliyo kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga. Hawakungoja Nairobi iwajengee. Kule Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya "mke wa kwanza" kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, wenyeji ndio wanaowasimulia wageni hadithi ya mahali pao. Nyatiti ina nyuzi nane, lakini hapa Eastlands tuna vijana ambao babu zao walikuwa mafundi wa nyatiti, na wao hawajawahi hata kuigusa.

Lakini tuseme ukweli wote. Si kila cha zamani ni mtaji. Mengine ni deni. Desturi iliyomkataza mwanamke kukanyaga mashua ilimfanya angoje ufuoni na kununua kwa masharti ya mwenye wavu. Samaki walipopungua, masharti yakawa mabaya, ndiyo hiyo jaboya ambayo sisi wote tunaijua na hatupendi kuitaja: mama atoe mwili wake ndipo auziwe samaki. Imeleta UKIMWI majumbani. Kuna watu wanaitetea ati ni mila. Wazee tuliowauliza wanasema wakiwa vijana hawakuijua. Huko Nduru, karibu na Kisumu, kuanzia mwaka 2011 wanawake walianza kumiliki mashua zao wenyewe ili waepuke aibu hiyo. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda na mafuriko yakawaharibia sana. Lakini walikuwa wameshaonyesha kwamba urithi ni kitu cha kuchambua kama mchele. Mawe tunatupa, punje tunaweka.

Hesabu ya tatu: reli, meli na viwanda

Tukisema urithi, watu wanafikiria ngoma na vyungu tu. Hakuna anayefikiria nyundo. Lakini kazi ya mikono ya viwandani nayo ni urithi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Meli ya William Mackinnon ilitengenezwa Uskoti, ikaletwa Mombasa ikiwa vipande vipande, ikabebwa bara kwa mabega ya wapagazi, ikaungwa na kuelea Kisumu mwaka 1900, hata kabla reli haijafika. Nani anajua jina la mpagazi hata mmoja? Reli yenyewe ililetewa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Mpaka reli ilipofika Kampala mwaka 1931, mizigo ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu. Gati za Kendu Bay, Homa Bay na Asembo Bay zilikuwa na makelele ya mizigo. Karakana ya meli ya Kisumu ilifundisha watu wetu kuchomelea chuma, kutengeneza boila na kusoma michoro ya mainjinia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, meli zikagawanywa kama vyombo vya ndoa iliyovunjika, na kazi ikalala. Meli ya Uhuru, iliyojengwa miaka ya 1960 kubeba mabehewa ya treni, ilikaa miaka mingi bila kazi ndipo ikafufuliwa mwaka 2019.

Kuna na vingine. Miwani, kiwanda cha kwanza cha sukari nchini, kilianzishwa miaka ya 1920. Mgodi wa Macalder ulitoa shaba na dhahabu mpaka ulipofungwa miaka ya 1960. Vinu vya pamba vilisaga karibu na ziwa wakati mkulima alipokuwa analipwa. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake waliunda shirika la biashara la Luo Thrift, wakikusanya hisa kutoka kwa watu wadogo wadogo, wakati Mwafrika akiambiwa hawezi kuendesha kampuni. Wanavikundi, hao ni babu zenu wa kazi. Daftari zenu za michango ni wajukuu wa daftari zile.

Kosa letu

Hapa lazima tuungame. Katika mtaa mmoja hapa aliishi mzee mstaafu wa reli. Aliwahi kufanya kazi katika karakana ya meli Kisumu kabla ya kuhamishiwa Nairobi. Tulikuwa tunamtembelea kila mwezi, tunampelekea unga, sabuni, blanketi wakati wa baridi. Kila tukifika alisema, "Siku moja mje na kalamu, niwaambie." Tukasema, ndiyo mzee, mwezi ujao. Mwezi ujao palikuwa na semina. Uliofuata palikuwa na ripoti ya wafadhili.

Akafa. Watu wake wakamsafirisha nyumbani kuzikwa. Tuliporudi kwenye chumba chake, kisanduku chake cha bati kilikuwa kimeshauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Mjukuu alituambia ndani mlikuwa na vifaa vya kupimia, taa ya reli, na daftari lenye michoro ya mkono. Vifaa na taa vilipimwa kwa mizani pamoja na kisanduku. Daftari halikuwa na uzito wa kutosha, likawashia jiko.

Tusimlaumu mjukuu. Nyumba ilikuwa inadaiwa kodi, na hakuna aliyekuwa amemwambia vile vitu ni nini. Sisi tulijua, na hatukwenda na kalamu. Tulimpa mzee kila alichokosa, isipokuwa kile alichokiomba. Tukikumbuka Simbi Nyaima, sisi ndio tuliokuwa ndani ya karamu, na mzee alikuwa mlangoni.

Jibu kwa mama wa samaki

Sasa turudi kwa mama yetu. Urithi utakulipia karo? Mama, muhula huu, pengine hapana. Hatutakudanganya kwamba ukiweka kibao kesho watalii watapanga foleni. Barabara za vijijini tunazijua.

Lakini kuna karo uliyowahi kulipa kwa sababu urithi uliliwa, na hukuiona kwenye risiti. Mafunjo yalipochomwa, kitalu cha samaki kilikwenda nayo, nawe ukanunua karai la samaki kwa bei ya juu. Wavu wenye macho madogo ulipozoa watoto wa samaki, mwaka uliofuata ukaletewa samaki walioganda kwenye barafu kutoka Uchina uwauzie watu wa ziwa. Fundi alipokufa na ujuzi wake, kijana wako akakosa wa kumfundisha kazi. Hiyo yote ni karo. Unailipa kila siku.

Na kwa ndugu yetu mwenye ukuta wa mawe tunasema hivi. Hatuji kukuhukumu, watoto wako ni watoto wetu. Lakini lori huja mara moja. Likiondoka na mawe, pesa yake italipa muhula mmoja, pengine miwili, na muhula wa tatu hutakuwa na mawe wala pesa. Tena ukuta ule si wa mtu mmoja, hata kama shamba ni la mtu mmoja. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu mahali pa namna hiyo patangazwe na kulindwa. Kwa hiyo tunaomba kikundi chenu, kabla ya kumwambia "usiuze", kikae na kujiuliza: tutamchangia nini muhula huu? Kumwambia mtu maskini alinde urithi wa wote kwa mfuko wake peke yake si haki. Ofisi yetu imekubali kuandika barua ya maombi ya msaada wa karo pamoja nanyi, na barua ya pili kwa Makumbusho ya Kitaifa. Zote mbili zitaandikwa leo kabla ya basi kuondoka.

Kikundi kifanye nini?

Kwanza, nunueni daftari moja gumu. Kila mkutano mzee mmoja apewe dakika ishirini, na kijana mmoja aandike. Aandike kwa lugha ya mzee mwenyewe, tafsiri itafuata. Simu yenye kinasa sauti itumike pia, lakini daftari libaki, maana simu huibiwa.

Pili, tembeeni kijijini mkaandike orodha: chemchemi, miti mikubwa, mawe, gati la zamani, kinu kilichofungwa, makaburi. Andikeni mahali kilipo, nani anakijua, na ni hatari gani inakikabili.

Tatu, msiuze wala kuhamisha kitu cha kale kabla ya kuuliza. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yako karibu na wengi wenu. Nendeni mkaone boma la Kijaluo lililojengwa pale, na mkaulize maswali bila woga.

Nne, walio ufuoni waingie katika kamati za usimamizi wa ufuo, hasa akina mama. Miezi ya kufunga uvuvi wa omena, kuanzia Aprili, iheshimiwe. Na kikundi kianze kuweka akiba mapema kwa miezi hiyo, kwa sababu tumbo lenye njaa halifungi msimu.

Tano, sisi wa mjini tuwapeleke watoto nyumbani wakati wa likizo, si wakati wa matanga tu. Mtoto anayejua kijiji kwa mazishi peke yake atadhani urithi ni jeneza.

Wapendwa, tumewachosha, chai inapoa. Tangu yule mzee wa reli afariki tumenunua daftari, na ukurasa wa kwanza tumeuacha wazi kwa ajili yake. Wa pili umeshaandikwa. Mama wa samaki ndiye aliyetuambia, jioni moja akikaanga, jinsi mama yake mzazi alivyofinyanga vyungu vya maji na kuvichoma kwa majani makavu. Alipomaliza akauliza, "Hiyo nayo mnaandika?" Tukamwambia ndiyo, mama, hiyo ndiyo tunaandika.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni kitu gani tulichoachiwa ambacho tunakula kama faida, kumbe ni mtaji?

2. Ni desturi gani ya zamani tungependa kuishika, na ni ipi tunapaswa kuiacha? Akina mama waanze kujibu.

3. Kama mwenye ukuta wa mawe angekuwa mwanachama wetu, tungemsaidiaje muhula huu?

4. Ni mzee gani anayengoja tuje na kalamu? Nani atakwenda, na siku gani?